Nyumba Huchukua Muda Gani Kujengwa?

Makala haya yalizaliwa na ubishi. Katika kikao kimoja cha chama chetu, mwalimu mlezi alitupa mada ya mjadala iliyohusu maisha ya mjini na ya mashambani. Mambo yalipopamba moto, mwanachama mmoja wa upande wa mjini akasimama na kudai kwamba watu wa mashambani ni wavivu, kwani nyumba ambayo mjini hukamilika kwa miezi mitatu, huko kwetu huchukua miaka kumi. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nyumba yetu ilianza kujengwa nilipoingia darasa la tano, sasa niko kidato cha tatu, na hadi leo haina dari.

Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu sikuwa na takwimu. Nilipofunga shule nilizitafuta, na nilizipata mahali ambapo sikutarajia: katika daftari la mama. Mama ndiye huwapikia mafundi kila wanapokuja kwetu, na ana mazoea ya kuandika kila kitu. Huandika tarehe, mafundi wangapi, watu wa mkono wangapi, unga kilo ngapi, maharagwe, sukari, na pesa alizolipwa kila mtu jioni. Jalada la daftari hilo limeng'oka na kurasa kadhaa zina madoa ya chai, lakini ndilo shahidi wangu. Niliketi nalo nikahesabu siku ambazo kweli kuna mtu aliyeshika jembe, mwiko au nyundo katika mjengo wetu. Tangu msingi ulipoanza kuchimbwa Januari 2020 hadi nyanya alipohamia ndani Agosti 2025, zilipita siku zaidi ya 2,000. Siku za kazi zilikuwa 54.

Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Msingi ulichukua siku 11. Kujazia mawe na kumwaga sakafu ya chini, siku 4. Kuta, siku 17. Mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, siku 5. Paa, siku 8. Milango, madirisha na plasta ya chumba kimoja, siku 9. Jumla 54. Basi hizo siku nyingine zote zilikwenda wapi? Hilo ndilo swali la makala haya, na ninaamini kwamba aliyetuita wavivu akilijibu mwenyewe ataondoa neno lake.

Kabla hatujafika mbali, tulitazame neno lenyewe, maana sisi ni wanachama wa chama cha Kiswahili bwana, si wa chama cha mafundi. Leo tunasema kujenga kwa kila kitu, kuanzia kibanda cha kuku hadi ghorofa. Lakini Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho wengi wetu tumekisahau: kuaka. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa au saruji, na mwenye kazi hiyo ni mwashi, na kazi yenyewe ni uashi. Nyumba ya miti na udongo hujengwa. Nyumba ya mawe huakwa. Naona wazee wa pwani walikuwa na sababu ya kutenganisha mambo haya mawili, kwa sababu hata muda wake si mmoja. Nyumba ya miti hungoja watu wakusanyike. Nyumba ya mawe hungoja vitu vingi zaidi, na baadhi yake havisikii amri ya mtu.

Nilimwendea fundi wetu, mwashi aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, nikamkuta akichanganya mota kwa jirani.

"Fundi," nikamwuliza, "ukipewa pesa zote leo, nyumba ya vyumba vitatu kama hii yetu utaimaliza lini?"

Akapangusa mwiko kwa kipande cha gunia. "Kijana, unataka kuhamia ama unataka kupiga picha?"

"Kuhamia."

"Miezi minne. Mitano, mvua ikiwa na maneno."

Kumbe yule ndugu yetu wa mjini hakusema uongo! Mwenye pesa zote mkononi, ardhi isiyo na kesi, mawe na mchanga vilivyofikishwa mapema na mafundi wa kutosha, anaweza kuingia katika nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kabla ya nusu mwaka kwisha. Nikamwuliza fundi kwa nini basi isiwe mwezi mmoja, kwa kuwa akiongeza watu kazi itakwenda mbio. Akaniambia kuna kazi zinazokubali watu wengi na kuna zisizokubali. Kuchimba msingi, hata ukileta vijana ishirini, utawapa nafasi. Kupandisha ukuta, hapana; pembe ya nyumba haiwezi kushikwa na mafundi watatu kwa wakati mmoja. Na kuna kazi ambayo hata ukileta kijiji kizima, hakuna la kufanya ila kukaa chini. Kazi hiyo ni kungoja zege.

Hapa naomba mwalimu wa Kemia aniruhusu nipite katika shamba lake. Wengi wetu tunasema zege "limekauka". Hivyo sivyo. Saruji, au simiti kama tunavyoiita nyumbani, haishiki kwa kukauka bali kwa kunywa maji. Chembechembe zake hukutana na maji na kufanya kitu kipya kigumu, na kitendo hicho huendelea kwa siku nyingi maadamu maji yapo. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi humwagia zege maji asubuhi na jioni, au hulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mtu asiyejua humwona kama mwenda wazimu anayenyeshea mawe. Zege likiachwa kwenye jua kali bila maji, huacha kukomaa kabla ya wakati wake, hupasuka na kubaki dhaifu maisha yake yote.

Wahandisi hulipima zege likiwa na siku 7 na tena likiwa na siku 28. Kwa kawaida, zege la siku 7 huwa na takriban thuluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. Kwa hiyo likizo ya wiki moja ambayo fundi huchukua baada ya kumwaga sakafu si uvivu, na mbao na nguzo zinazolishikilia zege lililo hewani haziondolewi mapema. Kule pwani, kabla ya saruji kuja, waashi wa Lamu walitumia chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, na mwenendo wa chokaa ni wa polepole zaidi. Yenyewe hukomaa kwa kuvuta gesi ya kaboni kutoka hewani, kidogo kidogo, kwa miezi na hata miaka. Nyumba hizo zimesimama hadi leo, na mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Tuseme basi zege lile la nyumba yetu lilipewa haki yake yote. Hata hivyo halimalizi miezi miwili. Miaka mitano bado ina deni.

Wa kwanza kuulizwa ni karatasi. Shamba letu lilikuwa bado kwa jina la babu, ambaye alikwisha kufariki. Baba hakutaka kujenga nyumba ya mawe juu ya hatimiliki isiyo yake, kwani ndugu wa leo si ndugu wa kesho, na mawe hayahamishiki. Kesi ya urithi ina ngazi zake. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida sheria hutaka miezi 6 ipite kabla haijathibitishwa na ardhi kugawanywa. Hiyo ni kama kila mtu amekubaliana, na mafaili hayakupotea. Kwetu safari hiyo ilianza mwaka 2017 na kuisha 2019. Baadaye baba akachorewa ramani na kuipeleka ofisi ya kaunti iidhinishwe. Hesabu yangu ya siku 2,000 haijagusa hata siku moja ya miaka hiyo miwili. Ningeigusa, yule ndugu wa mjini angezimia.

Pili ni kalenda, na hapa naomba msomaji asome polepole, maana ndipo penye siri ya nyumba nyingi za kwetu.

Baba ni mkulima wa majani chai. Kila mwezi hulipwa kilo alizopeleka kiwandani, na pesa hizo huishia dukani na kwa vibarua wa kuchuna. Pesa kubwa ni bonasi, ambayo huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba. Haya, tazama. Oktoba ndipo mvua za vuli zinapoanza, na huendelea hadi Desemba. Mtaro wa msingi ukichimbwa wakati huo hujaa maji, lori la mchanga hukwama njiani kabla ya kufika, na ukuta mbichi huoshwa mota yake usiku. Mvua hukatika karibu na Krismasi. Januari na Februari ni kavu, jua linawaka, barabara ni ngumu, mafundi wanapatikana. Ndiyo miezi mizuri ya kujenga kuliko yote. Lakini Januari ndipo shule zinapofunguliwa! Karo, sare, godoro, vitabu, sanduku. Ile bonasi iliyongoja mvua iishe huja kukutana na mimi nikiwa mlangoni na orodha yangu ya mahitaji. Kinachobaki ndicho kinachojenga, na lazima kijenge upesi kabla ya Machi, kwani masika huja na kukaa hadi Mei.

Kwa hiyo pesa zikiwapo, kuna mvua. Mvua ikiisha, kuna karo. Nyumba yetu ina kama wiki sita tu za kukua kila mwaka, kati ya karo na masika, na wakati huo usipokuta kitu mfukoni, hungoja mwaka mwingine. Nililifungua tena daftari la mama kuthibitisha jambo hili. Ukiacha zile siku 9 za milango na plasta, kila tarehe ya kazi iko kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Machi. Mama hakuwa amewahi kuliona hilo. Nilipomwonyesha alicheka kidogo, halafu akanyamaza.

Katika kalenda hiyo tia na mikosi ya dunia. Msingi wetu ulitoka ardhini Februari 2020, tukafurahi, na mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Darasa letu halikurudi shuleni hadi Januari 2021. Tulikaa nyumbani miezi yote hiyo tukiutazama msingi ukiota majani. Mbuzi wakawa wanapanda juu ya mawe na kuruka. Sakafu ya chini ilimwagwa Februari 2021. Kuta zilipanda mwaka 2022, wakati ambapo bei ya vyuma na saruji ilikuwa imepanda, kwa hiyo zikaishia juu ya madirisha. Mbao nazo zilikuwa ghali tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018. Mwaka 2023 hakuna hata mstari mmoja katika daftari. Baba alikuwa akiweka akiba ya vyuma vya ule mkanda wa juu.

Sasa niwaeleze kosa letu, ili mwenzangu yeyote ambaye wazazi wake wanajenga awaambie. Oktoba 2023 bonasi ilipokuja, baba aliogopa kwamba pesa zitaliwa na karo yangu ya kidato cha kwanza. Akaona heri azigeuze saruji kabla sijamfikia. Alinunua mifuko 30 ya kilo 50 na kuipanga katika ghala la mahindi, sakafuni, juu ya gunia moja jembamba. Novemba ikaja mvua ya El Nino ambayo kila mtu anaikumbuka. Maji hayakuingia ndani ya ghala, la hasha, unyevu ndio ulioingia. Saruji, kama nilivyoeleza, hunywa maji. Haibagui maji ya karai na maji ya hewa. Tulipofungua mifuko Februari 2024, ile ya chini na ya pembeni ilikuwa mawe yenye umbo la mto wa kulalia. Mifuko 19 kati ya 30. Baba alikaa juu ya mmoja wapo kwa muda mrefu bila kusema neno. Fundi alipoambiwa alisikitika, akatufundisha kilichokuwa kimechelewa: saruji huinuliwa juu ya mbao, huwekwa mbali na ukuta, hufunikwa kwa nailoni, na hainunuliwi kabla ya siku yake, kwa sababu hata ikihifadhiwa vizuri hupoteza sehemu ya nguvu zake baada ya miezi michache.

Mwaka huo haukuwa na kazi. Mimi niliingia kidato cha kwanza kwa karo iliyokopwa, na masika ya 2024 yakaja na mafuriko yale yaliyoahirisha hata kufunguliwa kwa shule.

Kufikia hapo nyanya alikuwa ameanza kuuliza. Nyanya anaishi katika nyumba ya mbao ambayo babu alimjengea, na upepo wa kwetu hupita kati ya ubao na ubao. Kifua chake humsumbua kila Julai. Kila nilipofika likizo swali lake lilikuwa moja: "Mmefika wapi?" Halikuwa swali la kulaumu, lakini baba alikuwa akitoka nje likiulizwa. Nyanya mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa msichana mdogo, nyumba ilijengwa siku moja. Nilidhani ni hadithi za uzeeni. Baadaye nikapata kujua kwamba Jomo Kenyatta aliliandika jambo hilo hilo katika kitabu chake kuhusu Wakikuyu kilichochapishwa 1938. Nyumba ilitakiwa kuanzwa na kumalizwa siku hiyo hiyo, na moto uwashwe ndani jioni, kwani iliaminika kwamba nyumba ikilala bila kukamilika, pepo wabaya wataitangulia kuingia.

Siku moja! Lakini nilipomhoji nyanya sawasawa, siku hiyo moja ilianza kurefuka. Miti ilikatwa na wanaume lini? "Mapema." Nyasi za kuezeka? "Sisi tulibeba nyasi siku nyingi, tukizirundika." Na pombe ya kuwashukuru waliokuja kusaidia ilitengenezwa kabla. Na watu wenyewe walialikwa kabla, na kila mmoja alijua kwamba siku yake ya kujenga ikifika wengine watakuja kwake. Kwa hiyo nyumba ya siku moja ilikuwa na wiki kadhaa nyuma yake, ila wiki hizo zilikuwa msituni na nyikani, si kwenye uwanja wa nyumba ambako kila mpita njia angeziona. Sisi kungoja kwetu kuko uwanjani. Kuta zisizo na paa haziwezi kufichwa, na jirani huzihesabu miaka.

Februari 2025 pesa zilipatikana, nusu bonasi na nusu mkopo wa chama cha akiba, na kazi ikaanza tena. Mkanda wa zege ukamwagwa kuzunguka nyumba nzima na kupita juu ya baraza, mahali ambapo chini yake hakuna ukuta bali nguzo za mbao tu zilizoushikilia. Baba alikuwa na haraka kwa sababu ya nyanya. Jirani mmoja aliyetutembelea akamwambia, "Mzee, siku tatu zinatosha. Toa hizo nguzo, uziuze, upandishe mabati wiki hii." Mabati yalikuwa yameshafika. Baba akamgeukia fundi.

Fundi alikataa. "Mbao za pembeni nitatoa, mzee. Hizo nguzo za baraza, hapana. Ukitaka zitoke, tafuta fundi mwingine, na mimi nisiwe hapa."

Nilikuwa shuleni, lakini mama ameyaandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipoyasoma nilikumbuka Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha jijini Nairobi, jengo la ghorofa sita mtaani Huruma liliporomoka likiwa limejaa wapangaji. Watu zaidi ya arobaini walikufa. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai katika kifusi baada ya siku kadhaa, na nchi nzima ikalia kwa furaha na uchungu. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba jengo hilo, lenye vyumba 119, lilijengwa kwa muda usiozidi miezi mitano. Lilikuwa kando ya mto na tayari lilikuwa limetajwa kuwa la kubomolewa. Sisemi kwamba kila jengo la haraka huanguka. Mkandarasi mwenye mhandisi na pesa anaweza kwenda mbio na kila kitu kikawa sawa. Ila nilipolinganisha vyumba 119 kwa miezi mitano na vyumba vyetu vitatu kwa miezi minne ya fundi wetu, niliona kwamba kuna mahali siku ziliibwa.

Kwetu nguzo zilikaa wiki tatu. Baba alilipa riba ya mkopo wiki hizo bila kazi kufanyika, na masika yalikuwa yakikaribia. Paa lilipandishwa mwishoni mwa Machi, siku 8, mawingu yakiwa tayari yamekusanyika upande wa Aberdare. Mvua ya kwanza ilinyesha likiwa limebaki bati la pembe ya jikoni.

Nilidhani mambo yatakwenda kasi baada ya hapo. Wapi! Fundi alikuwa amenionya kwamba watu hudhani paa ndilo mwisho wa nyumba, kumbe ni kama nusu ya gharama. Ukuta na paa huonekana, kwa hiyo mtu hudhani kazi imekwisha. Bado kuna plasta ndani na nje, sakafu laini, milango, vioo, nyaya za umeme, mabomba, dari, rangi. Kila kimoja kina fundi wake, na kila fundi hungoja mwenzake: wa plasta hawezi kuanza kabla ya wa umeme kupitisha mabomba yake ukutani, wa rangi hawezi kupaka plasta mbichi. Mmoja akisafiri kwenda matangani, wote husimama.

Julai 2025 baridi ilikuwa kali na kifua cha nyanya kikawa kibaya. Baba akaamua kumaliza chumba kimoja tu, kile kinachopata jua la asubuhi. Kikapigwa plasta, kikatiwa mlango na dirisha lenye vioo, na mlango wa mbele ukawekwa kufuli. Nyanya alihamia Agosti. Nilikuwa nimefunga shule, kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba kitanda chake. Alisimama katikati ya chumba, akaupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayepapasa ng'ombe, akauliza huo upepo uko wapi.

Wenye nyumba zao watanielewa nikisema kwamba siku hiyo ndiyo iliyochelewesha nyumba kuliko mvua zote. Mtu akishaanza kulala ndani, haraka huisha. Sebule yetu imekuwa ghala la mbolea na magunia ya viazi, na kochi limefunikwa kwa nailoni. Nyumba nyingi za kwetu hukaa katika hali hii miaka na miaka, zikiwa zimehamiwa lakini hazijaisha, na ukimwuliza mwenyewe kama amemaliza kujenga atakujibu "karibu". Je, tarehe ya kukamilika ni ipi? Ni siku ya rangi, au ni siku ya kitanda? Swali hilo naliacha kwa wanachama, na ninaomba liwe mada ya mjadala ujao, mradi yule ndugu yetu wa mjini akae upande wangu.

Nilipokuwa nikirudi shuleni muhula huu nilimwuliza fundi kuhusu dari. Akasema ni kazi ya siku nne. Nikamwuliza baba. Akasema tutaona Oktoba.